Somo wa Ursula

Kilipoletwa kilikuwa kitu:
kiwiliwili cha mbao kilichovishwa katani,
mguu mmoja wa chuma,
shingo iliyokatwa na kufunikwa kama birika.
Shangazi Eduvigis alikizunguka mara mbili,
futikamba shingoni, chaki sikioni,
akakipiga kofi begani.
"Clotilde," akasema. "Kaa hapo dirishani."
Na Clotilde akakaa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikauliza, kwa nini Clotilde?
"Umeyaona mabega hayo? Hayo si ya Rosa."
Hiyo ndiyo elimu yote niliyopewa kuhusu majina.

Chumba chetu kilijishikiza ubavuni mwa kilima, Valparaiso,
mabati yake yamepakwa rangi iliyosalia melini.
Upepo ulipita chini ya mlango,
sketi zikatembea bila miguu.

Don Nicanor alikuwa wa makoti.
Kifua kipana, moyo wa unga wa mbao.
Jina alipewa la mwenye nyumba,
na kila kodi ilipopanda
Shangazi alihamishia kwake pini zote.
Siku moja mwenye nyumba akaja, akamwona, akauliza huyu ana nini.
"Mgonjwa," akajibu Shangazi, pini tatu midomoni.
"Anatibiwa."

Hortensia alirithi jina la bibi harusi
aliyechukua gauni Ijumaa, akaahidi kulipa Jumatatu.
Jumatatu ipi, hakusema.
Miaka kumi na minne Hortensia wetu alivaa vipande,
huku mkono, huku ukosi,
hajawahi kuvishwa nguo nzima.

Lakini nilitaka kusema habari za Ursula.

Mwenye jina alikuwa Ursula Oyarzun, mwalimu wa jiografia.
Kila Machi, kabla shule hazijafunguliwa, alishona magauni mawili.
Somo yake alisimama pembeni amezungushiwa pamba na matambara,
kiuno kwa kiuno, nyonga kwa nyonga.
Mwaka aliojifungua, tukaongeza.
Mwaka aliofiwa, tukapunguza,
tena bila kuulizana.

Kisha mwaka mmoja akapiga simu.
Shangazi alisikiliza sana. Alisema "ndiyo" mara nne.
Usiku nilimkuta na mkasi mdogo, taa moja,
anafumua ziwa la kushoto, uzi baada ya uzi,
polepole, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.
Pamba akaitia mfukoni mwa aproni.
Asubuhi mwalimu aliingia amejikunyata ndani ya koti
akamkuta mwenzake ametangulia.
Wakatazamana.
"Kumbe umeniwahi," akamwambia.
Akavua koti.

Tetemeko lilipokuja walianguka wote,
ila Don Nicanor.
"Wenye nyumba hawaanguki," alisema Shangazi,
akifagia vifungo gizani.

Tulipokwisha kumzika, karani wa mnada alikuja na daftari.
"Cherehani mbili. Pasi moja. Viwiliwili vinne, vikuukuu."
"Wanne," nikasema.
"Ndiyo. Vinne."
"Wanne."
Akaandika tarakimu,
kwa kuwa tarakimu haigombani na mtu.
Akaniambia nichague kimoja, cha kumbukumbu,
vingine vina deni.

Nikamkumbatia Ursula hadi kwenye kile kibanda cha kebo
kinachoteremka kilima kwa kunung'unika.
Mkata tiketi alimtazama juu hadi chini,
kifua kilichopungua upande mmoja, mguu wa chuma.
"Na hiki?"
"Anaitwa Ursula."
Akafikiri. Kebo ikalia mahali fulani juu yetu.
"Basi nauli mbili," akasema,
akasogea kumpisha dirishani.

Nikatia mkono katika aproni ya Shangazi kutafuta sarafu.
Vidole vikakuta pamba kwanza.