Mguu wa Kushoto

Thunder Bay, mwezi wa pili, theluji imefika dirishani,
na chumba cha chini bado ni tumbo lililopasuliwa:
maboriti kama mbavu, mabomba, nyaya,
tanuru linalokohoa kila robo saa.
Oskari kapewa ngoma na mjomba wake,
seti nzima, na matoazi mawili ya shaba.
Mama yake hukesha na wagonjwa hospitalini,
hulala mchana. Basi nikaahidi:
ikifika Pasaka, kijana atapiga na Marketta atalala.

Dukani, Desrosiers aliniuzia somo pamoja na bidhaa.
"Sauti ni maji," alisema. "Usihesabu kuta,
hesabu matundu. Penye upenyo wa sindano
itapita na mizigo yake yote."
Akanipimia pamba ya mawe, marobota kumi na manne,
vibanio vya raba, reli za bati, bodi za jasi tabaka mbili,
na gundi nyeusi isiyokauka kamwe,
ambayo hadi leo imeng'ang'ania mkanda wa saa yangu.

Mikono juu, shingo imekufa ganzi,
vumbi la pamba likinidondokea kopeni,
nikawa mtu wa chini.
Na ukikaa chini ya watu utawasikia walivyo.
Oskari hatembei, huanguka kuelekea mbele.
Paka hana habari, ila akiruka toka juu ya friji.
Kile kiti cha jikoni hulia nusu,
humalizia kilio mtu akishaondoka.
Na Marketta, saa moja asubuhi, akirudi kazini:
ko, kisha swaa, kama ufagio.
Ko. Swaa.

Nikadhani ni viatu vya baridi.
Nikadhani anasukuma kapu la nguo.
Siku tatu nikashindilia pamba huku nikidhani.
Juu, mbele yangu, alikuwa wima kama rula,
akimimina kahawa: "Dari inaendeleaje?"
"Inaendelea."
Nikifika tu ngazi ya mwisho:
ko, swaa.

Siku ya nne lilibaki pengo moja, chini ya sinki.
Nilisimama na kipande cha mwisho mikononi
kama mtu aliyeshika mto
juu ya uso wa aliyelala.

Nikakiweka chini. Nikapanda.
"Mguu wa kushoto," nilisema.

Hakujifanya. Aliteleza Januari, kwenye maegesho ya hospitali,
akainuka haraka kabla hajaonekana,
akafanya kazi saa kumi na mbili juu ya kifundo kilichovimba.
Hakutaka eksirei. Hakutaka likizo isiyo na mshahara,
na yale marobota kumi na manne ni ya mkopo.
"Lakini umejuaje? Nilijitahidi sana."
"Nilikuwa chini yako."
Alicheka, kisha hakucheka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyoambiwa.
Mimi nilijenga ukuta kwanza, ndipo nikaanza kuziba,
na ndani ya ufa alikuwemo mke wangu.

Mfupa ulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.
Wiki sita, kiatu cha plastiki kama cha mwanaanga.
Naye ndiye aliyeniamuru, kutoka kochini:
"Malizia dari yako, Voitto. Nataka kulala."

Nikamalizia. Bodi juu ya bodi, gundi kila kona,
hata kisanduku cha taa nilikivisha koti.
Sasa Oskari anapiga hadi jasho linamtoka,
na jikoni unasikia kitu kidogo tu,
kama moyo wa mtu mwingine
ukiegemea kifuani mwake.

Na chini hakushuki kitu.
Si kiti, si paka, si ko, si swaa.
Kwa hiyo kila baada ya nusu saa naweka brashi ya rangi,
nanawa mikono, napanda ngazi kumi na tatu,
nasimama mlangoni, natazama miguu yake.

"Unataka nini tena?"
Hakuna. Natazama tu.