Kabla ya Saa Tano

Ijumaa usiku, umeme umekatika Muhumba nzima.
Natandaza daftari juu ya sanduku la sabuni,
tochi nimeing'ata menoni.
Wa kwenda: watatu. Kayaki: mbili,
ya manjano yenye viti viwili, na ile ya kijani
niliyoiziba tumboni kwa mpira wa baiskeli.
Kwenda: Ibinja. Mlango wa dharura: ghuba ya upande wa Kabare.
Kisha neno ninaloliandika daima kwa herufi kubwa,
KIWANGO,
na mbele yake: Nsimire, wiki ya tatu.

Maana ziwa halimpimi hodari.
Linapita msururu mzima hadi wa nyuma kabisa,
linamwuliza huyo: na wewe, umebakiza nini?
Basi kila kitu nimekipanga kwa bega lake.

Makoti ya kuelea, matatu. Moja zipu yake imekufa,
nitalivaa mimi, nilifunge kwa kamba ya kiatu.
Filimbi. Sifongo. Kopo la maziwa la kuchotea maji.
Kasia la akiba. Kamba, mita kumi na tano.
Simu ndani ya mifuko miwili, na hewa kidogo
ili ielee ikianguka.
Viazi vitamu. Murhula anasema viazi si vifaa.
Mwaka jana ndivyo vilivyoturudisha.

Hali ya hewa siiulizi simu;
kwake Bukavu ni doa la mvua mwaka mzima.
Alfajiri namngoja Balagizi arudi na sambaza,
mitumbwi yake mitatu imefungwa pamoja
kama ndugu waliolazimishwa kupatana.
Anajibu bila kugeuka:
"Muende tu. Lakini saa tano upepo iko naamuka."

Tukatoka saa kumi na mbili na nusu.
Kahuzi haikuvaa kofia. Maji mazito, rangi ya jembe jipya.
Kelele za Kadutu zikapungua nyuma yetu:
pikipiki kwanza, kisha kengele, kisha jogoo mmoja mbishi.
Nsimire alihesabu kwa sauti, moja, mbili, pumua.
Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtuliza,
sentensi tano, nimezifanyia mazoezi bafuni.

Saa tatu bega langu likajifunga,
bila kelele, kama duka siku ya mgomo.
Nikapiga kasia za uongo,
nikitazama mbali kama mtu anayekagua milima.

Yeye ndiye aliyeona. Maji kwanza:
"Kule rangi imebadilika."
Mstari mweusi, mwembamba, upande wa kusini,
saa mbili kabla ya ahadi ya Balagizi.
Kisha akanigeukia.
"Na kasia yako ya kuume haiingii majini."

Ibinja ilikuwa bado saa nzima mbele, bluu.
Murhula alitaka kubishana:
viazi vilipangwa kuliwa kisiwani.
Nsimire hakumjibu. Alichukua ile kamba
niliyoipima kwa ajili yake,
akaifunga kwenye pua ya boti yangu,
fundo nililomfundisha Jumanne,
limekaa vizuri kuliko langu.

Nikavutwa.
Sijui niseme nini juu ya hilo.
Unakaa, kasia mapajani, unatazama mgongo wa mtu
ukihesabu moja, mbili, pumua,
na sentensi zako tano zote mdomoni.

Mawimbi yalitufikia mita mia kutoka mawe ya ghuba.
Tukala viazi tumelowa, mchungaji wa mbuzi akapewa kimoja,
tukarudi mjini juu ya lori la kabichi.

Usiku umeme ulirudi. Nikafungua daftari.
Ibinja: hatukufika.
Upepo: saa tatu. Mwambie Balagizi.
Zipu: nunua.
KIWANGO. Nikalifuta jina lake
mpaka karatasi ikatoboka,
nikaandika langu kando ya tundu.