Farasi wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Kitabu kilikuja ndani ya boksi la msaada,
chini ya kamusi zilizoonjwa na mchwa.
Kifaransa kitupu. Mkutubi alikigeuza mara mbili,
akasema: Mama Ndahani, wewe unayefagia hapa,
kichukue tu, hakina msomaji Dodoma hii.

Msomaji alikuwapo. Ana miaka sita,
na Kiswahili chenyewe bado anakisoma kwa kidole.
Kila usiku, umeme uwepo usiwepo,
Tabitha anatusomea:
hapa kuna kasri, mfalme ameenda kuchota maji;
hapa zabibu, kama za bibi kule Hombolo,
ila hizi zimechanwa nywele;
na hapa, ukurasa wa kumi na moja,
pango, na farasi kachorwa ukutani,
tumbo nene, miguu mifupi kama benchi la kanisani.

Nipeleke kwa farasi, mama.

Nikahesabu. Mshahara wa fagio
unaishia kituo cha mafuta cha Msalato.
Ndahani, mwenye miaka kumi na kiburi cha ramani,
akaipima Ufaransa kwa rula:
sentimita kumi na nne. Si mbali, akasema.

Juni, shule zilipofungwa,
shemeji Chedego alikuwa anapeleka mashine ya kusaga Kondoa.
Tukapanda nyuma ya pikapu, sisi na mashine.
Meia Meia tukanunua karanga.
Kelema Tabitha akazitapika,
akajifuta, akaomba nyingine.

Huko Kolo yuko Salha, anayeongoza wageni,
amevaa raba za kaka yake.
Alipanda mwamba kama mtu aendaye jikoni kwake.
Sisi tulipanda kama sisi.

Nasema kweli: sikuona kitu.
Doa. Chai iliyomwagika ukutani,
ikafutwa na mtu mvivu.
Niliogopa kuutazama uso wa mwanangu,
vumbi lote lile, kwa ajili ya doa.

Salha akasema: msikodoe.
Tazameni pembeni kidogo,
kama unavyomtazama mtu anayekula.

Ndipo shingo ikachomoza. Twiga.
Nyuma yake mgongo wa tembo,
kisha watu wembamba, vichwa vya duara,
wamemshika mwenzao mikono,
wanamvuta au wanamcheza, jiwe halikusema.
Nani kachora? Ndahani akauliza.
Hakuandika jina, akajibu Salha.
Lini? Wasomi bado wanabishana.

Tabitha hakuuliza.
Alifungua begi la shule,
akatoa kitabu, akatafuta ukurasa wa kumi na moja,
akakigeuza, farasi akaelekea mwamba,
akakiinua kwa mikono miwili
mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

Unafanya nini, wewe?

Nyamaza, mama. Wanaonana.

Jumatatu nilirudi maktaba.
Kwato za farasi zina wekundu sasa,
vumbi la Kolo.
Kazi yangu ni kufuta vumbi.
Hilo nimeliacha.

Na usiku, umeme umekatika,
mfalme akarudi hatimaye na ndoo yake kichwani,
akamkuta twiga mlangoni mwa kasri.
Akatua ndoo. Akamtazama pembeni kidogo.
Karibu, akasema,
ila inama.