Doa la Maziwa

Saa kumi na moja alfajiri, Mbale haijakohoa,
nasukuma mlango wa chumba cha panya kwa kiwiko
maana mikono imebeba maji na pumba.
Mama aliyezaa jana hanitazami.
Nawageuza watoto wake mmoja mmoja,
wekundu kama ulimi, ngozi kama ganda la kitunguu,
ngozi isiyojua kuficha kitu:
aliyenyonya ana doa jeupe tumboni.
Doa, naandika moja. Doa, moja.
Huyu hana. Tumbo limejaa hewa.
Kaakaa lake halikukutana katikati
na maziwa yametokea puani.

Sufuri.

Daktari Kyakulaga husema panya ni kioo.
Simbishii, yeye ndiye mwenye darubini;
mimi ni Nambozo wa ufagio na daftari.
Ila kilichomo kiooni nilikijua zamani:
dada yangu, kule juu Bududa, msimu wa matope,
akimnywesha Wabomba kwa kijiko cha chai,
maziwa yanarudi, yanarudi,
na mama mkwe mlangoni anauliza
alipokuwa na mimba alimcheka sungura gani.

Walimshona mara mbili. Mdomo, akiwa na miezi sita.
Kaakaa, baada ya mwaka wa pili;
tulichelewa, daraja lilikuwa limekwenda na mto.
Kovu lake zuri. Watu husema hivyo, zuri,
kama wanaosifu pindo la gauni.

Leo ana miaka sita na ni zamu yake kupimwa.
Kiti kirefu, miguu inaning'inia.
Mpimaji anaweka kioo kidogo chini ya pua.
"Sema: Baba abeba pipa."
"Mama amema mima."
Kioo kinaingia ukungu.
Mtoto anakiona. Anafikiri.
Kisha anajibana pua kwa vidole viwili,
hila ambayo hakufundishwa na mtu,
na chumba kizima kinasikia:
Baba abeba pipa!
Kila herufi imesimama kwa miguu yake.

"Hiyo haihesabiwi," asema mpimaji, kwa upole,
na kalamu yake inashuka kwenye safu ya tatu.
Fomu ina safu tatu tu.
Hakuna safu ya vidole viwili.

Nampeleka nyuma akaone ninapofanya kazi.
Anainama mbele ya vizimba, anawatazama sana.
"Nao mtawashona?"
Najifanya kutafuta ufunguo
ambao uko mkononi mwangu.

Baadaye, kibarazani, nampa kikombe cha maziwa.
Anakunywa kwa pupa, kichwa nyuma,
nami naitazama pua yake kama mwizi.
Haitoki hata tone.
Anajipangusa mdomo, anapanguza na kovu,
anaulizia mandazi.
Shati lake limefungwa vifungo vyote,
tumbo silioni.
Naandika moja.