Droo ya Tatu

Mimi ni karani wa dirisha la malipo.
Miaka kumi na minne nimeitazama Tukuyu
kupitia tundu la kupitishia mkono:
viganja kwanza, nyuso baadaye.

Droo ya kwanza ni ya risiti.
Ya pili ni mihuri, wino, na karanga zangu.
Ya tatu haimo kwenye orodha ya mali za hospitali.
Humo niliweka watu.

Simu yenye ufa. Hati ya robo eka ya chai,
imekunjwa mara nane. Pete iliyotoka kwa sabuni.
Na kadi za kupigia kura, nyingi kuliko vyote,
maana kadi, mtu alijiambia, hailimi, haipikwi,
haitaulizwa mpaka miaka mitano ipite.

Juu ya dirisha tulibandika: DAWA YA DENI KULIPA.
Hakuna aliyetuuliza dawa ya deni la dawa.

Sekela Mwakatobe wa Ikuti alikuja usiku,
mvua ile ya Aprili iliyolaza migomba,
mjukuu mgongoni akihema kama mvukuto.
Siku sita za oksijeni. Nikajumlisha.
Nikajumlisha tena, nikiomba niwe nimekosea.
Sikuwa nimekosea.
Akafungua fundo la khanga: elfu kumi na nne,
punje tatu za maharage, na kadi.
"Ishike. Ina sura yangu.
Nitaikimbiaje sura yangu?"

Uchaguzi ukaja. Nilikwenda, nikapiga,
nikarudi kazini na kidole cheusi.
Sijui kwa nini niliifungua droo ya tatu.
Nyuso arobaini na moja zikanitazama
bila kupepesa.

Mwaka huu sheria imefika.
Imepanda na gari la chanjo,
kurasa tatu zilizolowa pembeni.
Mgonjwa asizuiwe kwa deni. Maiti isizuiwe.
Kitambulisho kisiwekwe rehani.
Deni lilipwe kwa kadiri ya mfuko wa mtu.
Na ukurasa wa mwisho, kama mgeni
anayekumbuka neno akiwa tayari mlangoni:
kituo cha kura kisizidi mwendo wa saa moja kwa miguu.

Mganga mkuu alisoma kwa sauti, akakohoa.
Mhasibu akauliza, na hilo pengo tulijaze na nini?
Swali zuri.
Bado limekaa pale pale kwenye kiti chake.

Nikapewa wiki mbili niimalize droo.
Ambakisye aliifuta simu yake kwenye shati, akaibusu.
Mwenye pete hakutaka kunitazama.
Kadi tatu zilikuwa za watu
ambao nyasi zimeshawaota;
hizo nilizifunga kwa mpira, sikujua pa kuzipeleka.

Jumamosi nikapanda Ikuti.
Ukungu ulikuwa umeumeza Rungwe hadi kiunoni.
Sekela alikuwa anamenya magimbi,
na yule mwenye mvukuto akikimbiza mpira wa mifuko
huku akipiga kelele za watu kumi.

Akaishika kadi kwa mbali, kisha kwa karibu.
"Huyu alikuwa na meno," akasema.
Halafu: "Deni?"
"Lipo, mama. Elfu tano kila mavuno.
Ila sasa ni namba tu. Halina tena sura yako."

Akanyoosha kisu kuelekea shule, ng'ambo ya shamba.
Zamani walivuka mto Kiwira kwenda kupiga kura;
mwaka mmoja, alisema, walivuka kumi na wawili
wakarudi kumi na wawili, ila viatu vya mmoja havikurudi.
Akacheka peke yake.

Hakunishukuru. Ningeona aibu angenishukuru.
Alisema, "Niandikie risiti
kwamba nimejichukua."

Sikuwa na kitabu.
Nikachana pakiti tupu ya majani ya chai, nikaandika:
Amekabidhiwa Sekela Mwakatobe, mmoja, mzima.
Nikatia sahihi, na tarehe.

Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.
Akaigeuza upande wa pili, akairudisha.
"Na muhuri?"