Nepi Nyeusi

Čadca, theluji mpaka dirishani.
Nepi ya Radko niliivua usiku ina manjano ya kawaida,
asubuhi, ndooni, imekuwa wino.
Mama mkwe akalaumu sabuni. Nikabadili sabuni.
Akalaumu bomba. Nikayeyusha theluji.
Nikaanza kuzifua kwa siri,
maana aibu ya mtoto huandikwa kwa jina la mama.

Daktari wa kwanza alisema damu. Haikuwa damu.
Wa pili: "Punguza wasiwasi, mama."
Nikapunguza usingizi.

Wa tatu, Hronská, hakuanza na mtoto.
Alimtazama babu yake, Imrich, aliyetuleta tu kwa gari,
kasimama mlangoni, kofia mkononi.
"Mzee, masikio yako yana ubluu tangu lini?"
"Baridi hiyo, daktari."
"Na magoti?"
"Magogo. Miaka arobaini msituni."
Akamwomba mkojo kwenye kikombe,
akatia magadi kidogo, akauweka dirishani.
Giza lilianzia juu, likashuka polepole.
Kumbe mama mkwe hakukosea sana:
sabuni ndiyo iliyokuwa ikisema.

Ugonjwa una jina refu kuliko mtoto.
Haufutiki. Jikoni sasa nina mizani,
napima nyama, napima jibini,
gramu ishirini, Radko analilia ya ishirini na moja.

Siku ile Imrich alikawia kuwasha gari.
Alishika sikio lake, kisha lile dogo.
"Miaka yote hiyo," akasema,
"nimeyatukana magogo ya watu."