Ua wa Waya, Mwakirunge

Mwaka jana tuliwalikiza kwa lori.
Alfajiri Jilo alifungua mlango wa nyuma,
ndama kumi na wanane wakapanda,
wakapelekwa zizi la Mtopanga,
mama zao wakabaki wamelikodolea macho vumbi,
viwele vimejaa, maziwa yakidondoka yenyewe.

Siku tatu Mwakirunge haikulala.
Bi Nyamvula wa jirani akaja, kanga kichwani:
"Hawa ng'ombe wenu wamefiwa?"
Nikamwambia la, wanalikiza tu.
"Tu," akasema, akarudi kwake.

Kule Mtopanga ndama walizunguka zizi
hata wakachimba njia kwa kwato.
Majani hawakuyagusa,
maji waliyanusa wakayaacha.
Daftarini mwangu, wiki ile ya kwanza,
kila jina lina alama ya kutoa:
Kijivu, kilo tano. Mnazi, kilo saba.
Shungi alianza kukohoa siku ya nne.
Mbele ya jina lake hakuna namba.

Mimi nami nililikizwa vivyo hivyo.
Mama alianza na shubiri;
nikailamba, wanasema, nikakunja uso, nikanyonya.
Basi nikavushwa kivuko, kwa shangazi Likoni,
nikalia hata sauti ikakauka.
Sikumbuki lolote. Husimuliwa arusini, watu wakacheka.
Mama hacheki.

Mwaka huu nikamwendea mwenye mali.
"Waya ni pesa," akasema Bwana Mbwarali.
"Na kikohozi je?"
Akaguna. Aliguna mpaka Jumatano, kisha akanunua.

Nyaya tano, basi.
Mama huku, ndama kule, pua kwa pua.
Sita tukawavisha puani kibao cha plastiki, cha manjano;
hao walibaki na mama zao malishoni, wakilambwa,
ila kila wakiinamia chuchu kibao kinagonga,
mama anasogea hatua moja, anaendelea kula.
"Shubiri ya kiwandani," Jilo akakiita.

Kelele zilikuwepo, sitadanganya.
Lakini zilikuwa za kuitana,
kama nyumba mbili zinazoazimana chumvi.
Usiku wa pili ndama walilala kando ya waya,
mama wakalala upande wao,
migongo nusura iguse.
Asubuhi Bi Nyamvula akachungulia:
"Mshawauza?"

Siku ya tano walikula.
Nikapitisha utepe kifuani, mmoja mmoja.
Alama za kutoa, mbili tu.

Ningependa kufunga daftari hapo.
Mwezi wa tatu tulipima tena,
Bwana Mbwarali akavaa miwani,
akaweka miaka miwili ubavu kwa ubavu:
tofauti, kilo nne kwa kichwa.
"Ndiyo hizo?"
Ndiyo hizo. Na Shungi.
Na wote, wa lori na wa waya,
siku yao ikifika njia ni ile ile ya machinjioni Kibarani,
na huko sina ua wa kuweka.

Leo nimekwenda kuutazama ule waya.
Ndama wamehamia bondeni, wananona, hawageuki nyuma.
Upande wao majani yameshaota.
Upande wa mama ardhi ni ngumu kama sakafu,
imekanyagwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
na kwenye waya wa tatu kutoka chini,
kimo cha shingo iliyoinama,
kumenasa manyoya mekundu.